Rasta Nne Chini ya Boneti

Juzi nilitoka ofisini Upper Hill saa ya chakula cha mchana, nikashuka hadi Kenyatta Market kutafuta nyama choma, na kabla sijaketi nikasikia gari likikohoa. Usicheke, rafiki yangu. Kuna kikohozi ambacho mtu aliyelelewa nyumbani kwetu hawezi kukisikia asigeuke: injini ya silinda nne inayofanya kazi na tatu. Inasema tutututu, inameza mate, kisha tutututu tena. Lilikuwa gari jekundu la zamani, boneti ndefu, limekwama kwenye foleni ya kuingia sokoni. "Waya ya plagi imeungua," nikasema kwa sauti, peke yangu, na beji ya kazi ikining'inia shingoni. Mchoma nyama akanitazama kama aliyeona mgonjwa aliyetoroka wodini.

Angejua! Nyuma tu ya mabanda yale ya nyama ndipo shangazi yangu alipokuwa na saluni, na kila Jumamosi ya utoto wangu niliimaliza pale. Kazi yangu ilikuwa kuvuta rasta, yaani kuzitenganisha zile nywele bandia fungu kwa fungu, nikiwapa wasusi huku vidole vikiniuma. Harufu ya pale ninaijua mpaka leo: mafuta ya nywele, maji moto ya kuchovya ncha za misuko, na moshi wa mbavu ulioingia dirishani bila kubisha hodi. Mteja alitoka pale amependeza kichwa na kunukia kama sikukuu. Nami nilikuwa radhi kuumwa vidole mwaka mzima, kwa sababu jioni nilirudishwa nyumbani Mutuini kwa gari la michezo.

Ndiyo, gari la michezo. Shangazi alikuwa na gari jekundu la Kijapani, la milango miwili, lililoinama mbele kama paka anayevizia, na kiti cha nyuma kidogo ambacho hakikumfaa mtu yeyote mwenye miguu. Mimi ndiye pekee niliyetosha. Majirani walisema mwanamke mwenye akili angenunua gari la kubeba mboga. Yeye alisimama tangu alfajiri akisuka vichwa vya watu hadi vifundo vya miguu vikavimba, na aliwajibu wote jibu moja: "Kila kitu niko nacho ni cha kazi. Hii moja ni ya kufurahi." Alipokanyaga mafuta, mgongo wangu ulibandikwa kwenye kiti na roho ikabaki nyuma ikitufuata. Nilimwona malkia.

Shida ni kwamba malkia alisukumwa. Barabarani palipo wazi gari lilikuwa mshale, lakini likikaa kwenye foleni ya Ngong Road kwa muda, joto lilipanda chini ya boneti, likaanza kukohoa, likazima. Mara nyingi lilizimia pale Dagoretti Corner, hata vijana wa mikokoteni wakatuzoea. Walitusukuma wakiimba. Na kila mara fundi wa kando ya barabara alifungua boneti, akachomoa waya moja iliyoungua hadi ikakauka, akaweka nyingine kama hiyo hiyo. Fundi huyo alikuwa mtu wa furaha na hakuwa mwizi, ila alipenda methali kuliko vipimo. "Anti, mchagua jembe si mkulima," alisema akifunga boneti. "Hii gari inataka barabara, haitaki jam." Sasa Nairobi isiyo na foleni angeipata wapi?

Hapo ndipo nyanya yangu anapoingia, mama yake shangazi, mwenye shamba la Mutuini na mwenye neno la mwisho juu ya kila kilichokuwa ndani ya ua wake. Gari lilikuwa linalala kwenye zizi. Ng'ombe wake, ambaye mimi nilimkatia majani kila jioni, alikuwa amefungwa nje chini ya turubai tangu gari lije, na sasa alikuwa na mimba kubwa na mvua za masika zilikuwa zinanukia. Jumapili moja waumini wote walitoka kanisani wakatukuta tunasukumwa langoni, kwaya nzima, na nyanya akiwa katikati yao. Alingoja tumalize kula githeri. Kisha akatangaza, na alipotangaza hata kuku walinyamaza: siku yake ya kliniki ya presha ilikuwa karibu, naye angerudi kutoka hospitalini kwa gari hilo. Likimfikisha nyumbani bila kusukumwa, libaki. Lisipomfikisha, ng'ombe arudi zizini kwake, na gari alichukue yule jirani anayenunua vyuma vikuukuu. Jirani, niamini, alikuja kesho yake asubuhi kuliangalia, akalipiga mateke kwenye magurudumu kama anayenunua mbuzi. Shangazi alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na nilimchukia yule jirani kwa moyo wangu wote.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wazo la kwanza la shangazi lilitoka saluni moja kwa moja: ile foili wanayofungia nywele zikitiwa rangi. Kama foili inazuia joto kichwani, alisema, itazuia na huku. Jioni hiyo akazifunga zile waya zote foili, ziking'aa kama samaki, akaniita nije nione, akawasha. Mungu wangu! Zizi lilikuwa na giza kiasi, na kutoka kwenye waya zikaanza kuruka cheche za samawati, ta! ta! ta!, umeme ukiiacha plagi na kurukia foili kisha chuma, injini ikitetemeka yote. Mimi nilirukaruka kwa raha, nikidhani ndiyo kazi yenyewe. Ng'ombe akakata kamba. Nyanya akatokea jikoni na mwiko mkononi akipaza sauti, "Zima hiyo moto ya shetani!" Tulimtafuta ng'ombe kwenye mahindi ya watu hadi tukachoka, na mara kwa mara shangazi alisimama katikati ya mahindi akacheka huku akijifuta machozi, maana kilichobaki kilikuwa kicheko au kilio.

Jumamosi iliyofuata ndiyo iliyogeuza mambo, na iligeuzwa na ajali ndogo tu. Yule fundi wa methali alikuwa ameliegesha gari nyuma ya saluni, boneti wazi, injini inanguruma. Mmoja wa wasusi, dada mcheshi wa kutoka Kakamega aliyekuwa amejisuka rasta za kufika kiunoni, aliinama kuchungulia. Ghafla, "Woi! Nywele yangu!" Ncha ya msuko mmoja ilikuwa imesogea karibu na pale bomba la ekzosi, la kutolea moshi, linapotokea kwenye injini. Haikugusa. Ilisogea tu, na tayari ilikuwa imejikunja na kuwa ngumu kama ukucha. Tulicheka wote, mpaka tukaona shangazi hacheki. Alikuwa ameishika ile ncha, anaitazama, anatazama injini, anatazama tena ncha. "Hii rasta imetuonyesha moto iko wapi," akasema. "Nileteeni packet nzima!"

Laiti ungekuwepo! Wateja walitoka na vichwa vilivyosukwa nusu, mchana kweupe, kuja kuona gari likisukwa. Walifunga vipande vya rasta kila mahali: kando ya kila waya, juu yake, chini yake, nyuma ya injini, mbali na feni na mikanda. Fundi akawasha, akaliacha lingurume mpaka likapata moto kama wa foleni, akazima. Tukainama vichwa vyote pamoja. Huku rasta ziko laini kama zilivyotoka kwenye pakiti. Kule zimejikunja. Na pale kwenye plagi ya tatu, mama yangu, zilikuwa zimekuwa kokoto. Hata mimi mtoto niliona. Kofia ya mpira ya waya ile ilikuwa imenyooka, ikitoka kwenye plagi na kuelekea bombani kana kwamba inakwenda kuota moto. Halafu waya yenyewe ilikuwa ndefu kupita kiasi, ikalegea, ikalala juu ya joto. Miezi yote ile tulikuwa tunabadilisha kilichoungua bila kubadilisha njia yake. Fundi alishika kiuno akasema, "Anti, kumbe jembe huchaguliwa." Nilimpenda kwa kusema hivyo.

Kazi ikawa tamu. Shangazi alisuka rasta nne nyembamba za kupimia waya mpya, moja kwa kila plagi, akazipitisha palepale ambapo nywele hazikuwa zimejikunja: zipande juu kwanza, zizunguke nyuma, zisigusane, zisivutike wala zisilegee. Akazikata kila moja kwa urefu wa njia yake na kuzifunga mafundo yenye nyuzi za rangi ili tujue ipi ni ya plagi gani. Jumatatu nikiwa likizoni tukashuka mjini, Kirinyaga Road, ambako kila duka linauza spea na kila muuzaji anakuita customer kabla hujamwona. Shangazi akaziweka zile rasta kwenye kaunta. "Mathe," muuzaji akasema taratibu, "hapa ni spea. Saluni iko juu." Akatuletea waya nene, nyekundu, nzuri ajabu, zilizoandikwa maneno ya mbio. Nilizitamani hata mimi. Shangazi akazipinda, akatazama kofia zake, zimenyooka, akazirudisha. "Sitaki rangi. Nataka shingo imepinda."

Tulizunguka maduka mpaka nyayo zikawaka. Hizi fupi. Hizi shingo imepinda lakini mpira ni ule wa kuyeyuka. Habari zikatutangulia, na tulipofika duka la mwisho wauzaji wa maduka mengine walikuwa nyuma yetu wakibishana kama mashabiki wa mpira. Kwenye kibanda kisichozidi kabati, mzee mmoja akavuta kutoka juu ya rafu boksi lenye vumbi: waya za gari jingine kabisa, nyeusi, za silikoni isiyoogopa joto, kofia zake zimepinda kama shingo ya bata. Shangazi akalaza rasta kando ya waya. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya nne sawa. Alipoilaza ya tatu, ile sugu, wote tuliinama juu ya kaunta. Sawa! Watu wazima walipiga makofi barabarani kwa ajili ya waya, nami nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Ikafika siku ya kliniki. Nyanya alitoka hospitalini na sweta yake ya Jumapili na kitambaa kichwani, akajishusha ndani ya gari kwa mashaka. "Hii ni kiti ama ni mtaro?" Mimi nilikuwa nyuma, magoti kidevuni, nimeshika mfuko wa dawa zake. Tukaingia Ngong Road, ile ya zamani kabla haijapanuliwa, na foleni ilikuwa imelala kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jua kali. Mbele yetu lori la mawe, kando yetu wauza njugu. Shangazi alikazia macho kipimo cha joto. Niliona jasho likishuka nyuma ya sikio lake, nikasali sala zote nilizozijua, pamoja na ile ya kubariki chakula. Tukasogea, tukasimama. Tukasogea, tukasimama.

Dagoretti Corner vijana wa mikokoteni walituona kwa mbali. Wakasimama, wakakunja mikono ya mashati, wakaja wakitabasamu. "Niaje, Anti! Leo tena?" Injini ilikuwa inanguruma, silinda zote nne, laini kama mtu anayeimba akiosha vyombo. Shangazi akateremsha kioo. "Leo mtakosa!" Nao, Mungu awabariki, wakashangilia, wakatupigia saluti, mmoja akamwamkia nyanya, "Shosho, umeiva!" Nyanya akageuza uso dirishani, lakini nilikuwa nyuma yake na niliona shavu lake likiinuka.

Tulipopita Waithaka barabara ikafunguka. Shangazi aliendesha polepole, kwa adabu, kama anayebeba mayai. Nyanya akavumilia kidogo. Kisha akasema, "Kwani hii gari inaogopa nani? Ongeza." Shangazi akamtazama kama asiyesikia vizuri. "Ongeza!" Akaongeza. Lo! Kitambaa cha nyanya kilipepea, mfuko wa dawa ukanitoka mkononi, miti ya uzio ikawa rangi moja tu ya kijani. Tulipita lango letu. Nyanya aliagiza twende hadi madukani, tukageuze taratibu mbele ya wanakwaya waliokuwa wakinunua mboga, ndipo turudi. Gari lilipozimwa aliendelea kuketi. "Ng'ombe atajengewa," akasema. Akajengewa kweli, na ndama akazaliwa chini ya mabati mapya.

Leo shamba lile limekuwa nyumba za kupangisha, ghorofa tatu na nguo zikianikwa kila ngazi, na hakuna hata mkono mmoja wa majani ya ng'ombe. Saluni ilihama. Gari langu mwenyewe, ukifungua boneti, unakuta kifuniko cha plastiki, na ndani yake hakuna waya hizo hata moja. Ni gari zuri, halijawahi kunizimikia, na sijawahi kumsimulia mtu yeyote habari zake. Lile jekundu shangazi aliliuza baada ya nyanya kutuacha, kwa kijana aliyefurahi mpaka akasahau kuuliza ufunguo wa akiba.

Siku moja tukinywa chai kwake nilimuuliza kama bado analitamani. Magoti yanamsumbua sasa, asingeweza hata kuingia. "Gari ni chuma tu," akasema. Akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Lakini unajua Mum, nyanya yako, maisha yake yote alikuwa ananiambia punguza? Punguza sauti. Punguza kucheka. Punguza hiyo lipstick. Ni hiyo siku moja tu aliniambia ongeza." Kisha akacheka ile sauti yake kubwa, nikacheka naye, na wote wawili tulikuwa tunatokwa na machozi.