Tulivyochagua apartment Mji Mkongwe kwa feng shui tukitafuta mtoto

Asalamu alaykum wakuu, na kwa wasio Waislamu, habari zenu.

Juzi nlisoma humu ndugu mmoja anauliza kama feng shui inasaidia ukitafuta nyumba ya kupanga. Watu wakamcheka, wengine wakamtupia aya. Mie nkaanza kumjibu, jibu likawa refu, nkaona bora nifungue uzi wangu.

Haya yamenikuta mie mwenyewe, sikuhadithiwa. Majina tu nimebadilisha, maana Unguja ni ndogo na sote tunajuana.

Kwa asiyejua: feng shui ni elimu ya Wachina ya kupangilia nyumba. Mlango uelekee wapi, kitanda kikae wapi, kioo kisitazamane na nini. Wanaamini ndani ya nyumba inapita nguvu wanayoiita chi, na ukiifungulia njia nzuri mambo yako yananyooka. Hiyo tu. Hakuna mizimu wala kafara, msije mkanitoa kwenye mada.

Mie ni mwalimu wa shule ya msingi. Aliyekuwa mume wangu tumwite Nassor, alikuwa reception kwenye hoteli moja kubwa ya Kiwengwa. Tulikuwa tunaishi Jang'ombe, vyumba viwili vya uani kwa shangazi yake.

Maisha ya Jang'ombe mnayajua. Ukipika mchuzi, jirani anakwambia umezidisha chumvi kabla wewe hujaonja. Lakini tulikuwa na raha zetu.

Tukakaa miaka bila mtoto, kisha Mungu akajaalia nkapata mimba.

Ilipofika mwezi wa saba presha ikapanda. Nkafikishwa hospitali sijitambui, nkapasuliwa. Nlipopata fahamu vizuri, mtoto alishazikwa. Alikuwa wa kiume. Nassor na mjomba wake ndio waliomuosha, wakamkafini, wakamzika. Mie sikumuona hata uso.

Kila aliyekuja kunipa pole alisema, "Muachie Mungu, utapata mwengine." Nkaitikia inshaallah. Nassor naye akaitikia inshaallah.

Na sie wawili tukaishia hapohapo.

Sijui nielezeje hili wakuu. Hatukukatazana kuzungumza. Ni kwamba kila mmoja alikuwa anamchunga mwenzake asilie, basi tukawa tunapishana ndani ya vyumba viwili kama watu wanaobeba vitu vya gilasi.

Sasa kule hotelini alikuja mgeni kutoka Malaysia, mama wa makamo, akakaa muda mrefu. Mazungumzo ya mapokezi ndiyo hayo, leo hali ya hewa, kesho familia. Nassor akamwambia habari ya mtoto. Yule mama akamuonea huruma, akamuuliza nyumba yetu imekaaje, kisha akamfundishafundisha feng shui kwa nia njema kabisa. Simlaumu.

Nassor akarudi nyumbani na app ya dira kwenye simu. Nlimuona ana uhai machoni kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akanionesha: upande wa magharibi wa nyumba ni upande wa watoto. Na kwetu uani, upande wa magharibi ndipo kilipo choo cha watu wote.

"Tuhame," akasema.

Nkasema tuhame. Nlikuwa nataka mtoto kuliko yeye, msinione mjanja.

Tukatafuta Mji Mkongwe, maana ndipo alipokuwa akipataka siku zote. Dalali wetu alikuwa mzee mmoja mcheshi, Bwana Sele. Masikini alitukoma.

Nyumba ya kwanza Nassor aliikataa mlangoni. Kichochoro kilikuwa kinakuja moja kwa moja kuelekea mlango, na kwenye feng shui hiyo ni kama mshale unaoichoma nyumba. Ya pili vilevile. Ya tatu, ukifungua mlango wa mbele unaona dirisha la nyuma, maana yake kila baraka inayoingia inatoka.

Bwana Sele akavua kofia akajikuna. "Bwana, Mji Mkongwe wote ni vichochoro. Kila mlango una kichochoro chake kinachoukodolea macho. Sasa nikupeleke ukapange baharini?"

Tulicheka sote. Nassor pia alicheka, lakini dira hakuiweka mfukoni.

Kulikuwa na nyumba moja upande wa Malindi ambayo hadi leo nnaiwaza. Ya chini, ina ua mdogo, asumini imepanda ukutani, na jiko lina mwanga. Mwenye nyumba, Bi Zuwena, mwanamke mtu mzima, alikuwa anakaa juu peke yake. Nlipomuamkia shikamoo akaitika marahaba, akanishika mkono akanikalisha kibarazani kwake.

Akaniuliza, "Una watoto?"

Nkamwambia, "Nlikuwa naye mmoja."

Hakuniambia nitapata mwengine. Akaniuliza, "Anaitwa nani?"

Wakuu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nkamtajia jina. Akalirudia polepole, akamuombea dua hapohapo, kisha akaniuliza kama nakunywa chai ya tangawizi. Nkaona hapa ndipo nitakapokaa.

Nassor akatoka ndani anatikisa kichwa. Ngazi ya kupandia juu ilikuwa inatazamana na mlango, na choo kiko magharibi tena.

Sikubisha. Nlipaswa kubisha. Nlikuwa nafikiria tukikosa mtoto baadaye, itasemwa ni kwa sababu ya nyumba niliyoing'ang'ania mie.

Mwisho tukapata ghorofa ya tatu, upande wa Vuga. Chumba cha kulala kipo magharibi safi, mlango hautazamani na kitu, jua la asubuhi linaingia sebuleni. Bwana Sele alipeana mkono na Nassor kama mtu aliyetolewa jela.

Siku ya kuhamia mama yangu, Bi Mwaka, alikuja kutoka Makunduchi na chetezo chake na udi. Nassor alitaka tuingie kwanza na mchele, chumvi na maji, na taa zote ziwashwe. Nkaogopa mama atagomba.

Mama akasema, "Mchele na chumvi hata sie huingia navyo. Tia Bismillahi twende."

Siku ile ilikuwa nzuri. Tulikula pilau chini kwenye mkeka, na Nassor alimfukizia mama udi nguo zake huku anamtania. Nkiikumbuka naona tungeweza kufika mbali.

Kisha ikaja habari ya kitanda.

Kitanda chetu kilikuwa samadari ya bibi yangu, ya kuchongwa, yenye vioo na maua kichwani. Mama yangu alizaliwa juu yake, na mie pia. Feng shui inasema kitanda kilichotumiwa na watu wengine kina nguvu za watu hao. Nassor aliniomba kwa upole, wala hakunilazimisha. Nkakubali. Akaja mtu wa duka la vitu vya kale, kikafunguliwa vipande vipande kikashushwa ngazi. Nasikia kiko hoteli fulani sasa.

Mama alipokuja kututembelea akakuta kitanda kipya cha mbao za viwandani. Akashika foronya, akainyoosha.

"Cha bibi yako kiko wapi?"

"Tumekiuza, mama."

Akasema, "Haya." Chai hakuimaliza, akasema gari za Makunduchi zitamuacha.

Mngejua mama yangu anavyopenda kusema, mngejua ile "haya" ilikuwa nzito kiasi gani.

(Naona wengine humu washaanza kuulizia picha za nyumba. Picha sina, nlifuta zote.)

Basi kila mwezi nikiona siku zangu, Nassor anahamisha kitu. Kioo kikafunikwa. Sofa ikageuzwa. Pazia likabadilishwa rangi. Akanunua mmea wa majani ya mviringo, ukafa, akaumia siku nzima kama kafiwa.

Alikuwa hagombi, wala haninyanyulii sauti hata siku moja. Ila nkaanza kumuona ananitazama vile anavyotazama kabati lililokaa pabaya. Pengine hakuwa ananitazama hivyo. Pengine ni mie nlikuwa najiona hivyo.

Nkawa naficha siku zangu. Nafua mapema, naanika ndani ya bafu, ili upite mwezi mmoja bila yeye kuhamisha kitu. Mwanamke mzima, na mume wangu wa ndoa, naficha kama mwanafunzi.

Sasa nifike pale palipovunjika.

Chini ya kitanda nlikuwa na sanduku dogo. Ndani mna nguo nlizomshonea mtoto: kanzu mbili ndogo, kofia, shuka la kumfunika. Sikuwa nalifungua mara kwa mara. Nlikuwa najua tu lipo, na mkono wangu nikiutelemsha pembeni ya kitanda unaligusa.

Siku moja nimerudi kutoka shule, nkakuta chini ya kitanda pamefagiliwa peupe.

"Sanduku liko wapi?"

Nassor alikuwa anapanga mito. "Nimelitoa. Chini ya kitanda hakutakiwi kitu, nshakwambia. Na vile vitu ni huzuni. Tunailalia huzuni sie."

"Umelipeleka wapi?"

"Mke wa mwenzangu kazini kajifungua. Nimempa zile nguo. Nimeona bora zivaliwe na aliye hai."

Nkakaa chini sakafuni pale palipokuwa na sanduku. Nkamwambia, "Yule alikuwa mtoto wangu."

Akasimama, mto mkononi. Kisha akasema, "Alikuwa wangu pia. Wewe umebaki na nguo zake unazishika. Mie nlimshika yeye, mara moja, mpaka kaburini. Hilo sina pa kuliweka."

Wakuu, hiyo ndiyo sentensi nnayojutia.

Si kwamba aliisema. Nnajutia kwamba aliisema na mie nkainuka nkaanza kutia nguo zangu kwenye begi. Mtu alikuwa kanifungulia mlango kwa mara ya kwanza tangu tuzike, na mie nlikuwa na hasira kiasi kwamba sikuuona. Ningekaa palepale sakafuni nikamwambia, kaa, nihadithie.

Nkaenda Makunduchi kwa mama.

Nassor alikuja kunifuata. Mama alimkaribisha vizuri, akampa chakula, akamwambia, "Muache apumue, mwanangu." Akaja tena, kaziomba zile nguo kwa yule mke wa mwenzake, kazikunja kwenye mfuko. Sikutoka chumbani. Nguo nkazipokea kupitia mkono wa mama, mwenye kuzileta nkamuacha arudi na gari ya jioni.

Talaka aliandika yeye, lakini aliyeiomba ni mie. Watu walijua ni kwa sababu ya mtoto. Wengine walisema ni mambo ya Kichina yaliyoingia nyumbani. Nkawaacha waseme.

Miaka imepita. Nassor kaoa kwengine, ana binti. Mie niko Jang'ombe tena, nimepanga chumba, nasomesha.

Mwaka jana tukakutana Darajani, nje ya soko, yeye kabeba mboga na mie nimebeba mboga. Tukasalimiana kama watu wa heshima. Akaniuliza hali ya mama, nkamuuliza hali ya binti. Alikuwa anataka kuaga.

Nkamwambia, "Nassor, alikuwa vipi?"

Hakuniuliza nani. Akaweka mfuko chini.

"Alikuwa na nywele nyingi," akasema. "Masikio ya baba yako kabisa, yale yaliyochongoka. Na kidole gumba kakikunja ndani ya ngumi, nkajaribu kukinyoosha nkaona hapana, nimuache vile alivyo. Alikuwa mzuri."

Watu wanapita na vikapu, wanatwambia tupishe njia.

Nkamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nlikuwa naogopa kukuliza machozi."

Nkamwambia, "Na mie nlikuwa naogopa kukuuliza."

Akanielekeza kaburi lilipo. Tukaagana.

Sasa ndugu uliyeuliza juzi: feng shui inafanya kazi? Sijui. Nyumba yenye mwanga, njia haijazibwa, kitanda hakijabanwa na mlango, hayo ni mazuri hata bila Wachina. Ile ya Vuga ilikuwa nyumba nzuri, na hewa ilikuwa inapita kila chumba.

Nnachokijua ni kwamba tulipima kila mlango wa Mji Mkongwe kwa sababu kupima mlango kulikuwa kwepesi kuliko kukaa chini tukamtaja mtoto wetu kwa jina. Kama mna msiba ndani, msihame nao kabla hamjauzungumza. Mtapanda nao hadi ghorofa ya tatu.

Ushauri wa kidini mnaweza kunipa, nitasoma. Kejeli sitazijibu. Lakini zaidi nataka kuwasikia wanaume humu mliowahi kuzika kitoto huku mke yuko wodini: mlimwambia alifananaje? Na kama bado hamjamwambia, mnangoja nini?