Mwanangu Anaitwa Bila Maji, na Mimi Najua Maji Yalikwenda Wapi

Mwakeye wanangu. Mwenye ukurasa nifichie jina, ingawa wa huku watanijua tu kwa maneno yangu. Kitambulisho kinasema nina miaka sabini na minane. Mimi nasema wamenipunguzia. Shule sikuiona hata kwa dirisha. Anayeandika ni mjukuu wangu, nimemwambia asinirembee. Mimi ni mama wa mtu anayekufa, na nimebeba neno alilonikataza kulisema.

Mwanangu nimwite Elia. Miaka ya tisini, wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakiingia kwa wingi, alikuwa kiongozi wa kikosi katika kituo cha zimamoto cha serikali, mji siutaji, ni huku huku kwetu Kasulu na Kibondo. Gari lilikuwa moja, vijana wachache, na aliwapenda kama wadogo zake. Wakija kula kwangu walimtania kwamba anagonga tangi la maji la gari kila asubuhi kama tabibu anayegonga mgongo wa mgonjwa. Alikuwa anacheka, na kesho yake anagonga tena. Nilimzaa peke yangu shambani mwa maharage, lakini siku alipovaa ile kofia ngumu nilijiona nimezaa mfalme.

Kiangazi kimoja visima vilikauka. Jirani yangu, nimwite Mama Sesilia, akafiwa na mume, na nyumbani kwake hapakuwa na maji hata ya kumwosha marehemu. Alikwenda mwenyewe kituoni akapiga magoti mbele ya Elia. Dereva alimwonya mwanangu kwamba yale ni maji ya kazi, si ya msiba. Elia akasema wampelekee mjane, kisha washuke moja kwa moja mtoni wakajaze. Walifika alfajiri, waombolezaji hawajaja bado. Tulioshuhudia ni mimi, Mama Sesilia na shemeji zake wawili, ambao nao wameshatangulia. Tulijaza mapipa, masufuria, mpaka beseni la kuogeshea watoto.

Gari likiwa njiani kwenda mtoni, mtu wa baiskeli akawafikia anahema. Duka linaungua sokoni, na mama wa mwenye duka, bibi asiyeweza kutembea, yumo chumba cha nyuma. Mto ulikuwa mbali bondeni, soko lilikuwa hapo juu. Elia akaamuru wageuze wakamtoe bibi kwa mikono. Walipofika watu walishangilia. Wakapiga kelele mpira wa maji uvutwe, vijana wakauvuta, ukakohoa hewa tupu. Elia hakungoja, akaingia. Alitoka mikono imeungua mpaka viwikoni, bibi hakutoka naye. Paa lilikuwa limeshuka.

Majeraha ya mawe aliyorushiwa na watu siku ile niliyaosha moja moja kwa maji ya chumvi. Jioni mji mzima ulikuwa unasema aliwauzia maji wafyatua tofali. Wakubwa walipomwita akawaambia gari lilikuwa chini yake na kosa ni lake, dereva na vijana wasiguswe. Akafukuzwa. Nikamwambia nakwenda sokoni kusema ukweli, akanishika kanga na ile mikono yenye bandeji.

"Mama, huwezi kumpa mtu maji ya kuoshea maiti halafu ukamsimanga. Ukisema, watamgeukia yule mjane na watoto wake. Aliyekuwa anaongoza ni mimi."

Akaniapisha. Nimekaa kimya tangu hapo, mimi ambaye hata padri ananiogopa mdomo. Mke wake aliondoka. Watoto wake walikuwa wakipita, wenzao wanakohoa kama ule mpira, kisha wanacheka. Alilima, akafyeka mashamba ya watu, na akiona moshi popote alisimama mpaka uishe. Jina lake wadogo wa siku hizi hata hawalijui. Kwao ni Bila Maji.

Sasa mapafu yamekwisha. Hospitali wametuambia tukamuuguzie nyumbani, na ninajua maana yake. Hakuna anayekuja kumjulia hali. Huku kwetu mgonjwa asiyejuliwa hali ameshaambiwa kwamba kaburi lake atalichimba mama yake. Nilimsimamisha kijana mmoja jirani nikamwomba apite hata dakika moja amsalimie. Akaniambia, "Bibi, mimi kwa Bila Maji nitafuata nini, kiu?" Wenzake wakacheka. Huyo kijana nilimpokea mimi kwa mikono hii siku anazaliwa.

Basi nikaenda kwa Mama Sesilia. Tumezeeka wote, alinikaribisha vizuri, akaniwekea uji. Nikamwambia mtoto anakwenda, dada, njoo useme mbele ya watu hata sentensi moja, mimi kiapo changu nitakivunja pamoja na wewe. Wanawe wana vibanda sokoni, wamevikodi kwa ukoo wa yule bibi aliyeungua. Akasema, "Dada, mwaka ule kisima chetu hakikukauka."

Nilitaka kumpiga. Nikaacha uji nikaondoka. Na mimi ningekuwa na wana watatu sokoni, sijui ningesema nini. Dereva alikufa zamani, vijana wa kikosi walihamishwa, sijui waliko. Nikisema peke yangu wataona ni mama anamtetea mwanawe. Nikimgusia Elia, anageuzia uso ukutani.

Nyinyi mliosoma, nishaurini, na msinipake mafuta. Nisimame kanisani niseme, mwanangu afe akijua mama yake amevunja neno lake, na huenda nisiaminiwe na hata mtu mmoja? Au ninyamaze, nimfunike kwa jina walilompa? Msikawie kunijibu. Tangu jana anakataa uji, ila masikio yake bado yanasikia.