Ekseli Iliyokatika Riruta

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa magari Kawangware. Kila Jumapili alasiri, mimi na jirani yangu, dereva aliyetoka upande wa Ziwa, tulikuwa tukishindana na wengine kwenye barabara iliyonyooka huko Riruta. Gari letu kuukuu lilikuwa na mbio, ila lilichelewa kuondoka. Kila mara gari la landilodi mmoja wa nyumba za kupanga lilitutangulia pale mwanzoni, na hatukulifikia tena.

Nikatia klachi yenye springi ngumu. Nikatoa difu, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, nikaweka ya pikapu, inayovuta kwa nguvu zaidi. Tulipolijaribu gari, liliruka mbele kama limepigwa teke. Hata hivyo sikutulia. Jumamosi mke wangu alinikuta nimelala tena chini ya gari.

"Si ulisema liko sawa?"

"Nakaza tu kidogo," nikamjibu.

Jumapili jirani yangu aliachia klachi, nikiwa pembeni yake. Tukasikia chuma kikilia, gari likabaki palepale. Nguvu zote nilizoongeza zilikuwa zimeikata ekseli, chuma kinachozungusha magurudumu.

"Buda, ekseli ulibadilisha?" akaniuliza.

"Hapana."

Alicheka mpaka akaegemea usukani. Mimi nilikuwa nimeshavua shati, natafuta jeki.