Ndege za Vinundu na Mutoto wa Buleusa

Tarehe nne, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianguka asubuhi, ikakatika, halafu ukungu ukashuka mpaka mulangoni.

Nilisoma kidogo tu, kwa hiyo pengine haya ninayaandika vibaya. Mwaka huu wa vita, hapa Burungu, ng'ombe na kuku walikwisha kuchukuliwa na wenye bunduki. Nyama iliyobaki njo ile inayoruka. Wanaume walipika utomvu wa muti, wakaupaka kwenye fimbo katikati ya mutama, na zile ndege ndogo za manjano zinazofuma viota zikanata.

Asubuhi ile, karibu zote zilizonata zilikuwa na vinundu kwenye kope na kwenye miguu. Moja, jicho lilikuwa limezibwa kabisa. Nilifinya kinundu, kikatoa maji mazito, nikatapika nyuma ya nyumba. Shemeji, ndugu ya bwana yangu, alizinyonyoa, akazichoma, akazitafuna na mifupa.

Dokta wa mifugo, aliyekimbia kutoka Kirotshe na kulala mu chapeli yetu ya kusalia, alipita, akaangalia manyoya.

"Hiyo haiambukize muntu," akasema. "Lakini munakamata zenye kuchoka. Zenye nguvu ziko juu."

Nikamuuliza kwa nini zingine hazigonjwe, na zote zinakula mutama moja.

"Mama, damu hazifanane. Kila ndege inarithi kwa baba na mama namna ya kutambua ugonjwa. Isiyoutambua inakufa kabla ya kutaga. Mwaka kesho utaona watoto wa zile zilizopona."

Niliipenda ile maneno. Shemeji naye aliipenda, kwa njia yake.

Jikoni kwangu alikuwa amelala mutoto wa mama mumoja aliyekimbia kutoka Buleusa. Surua ilikuwa imemufunika mwili wote. Uwanja ni wa shemeji, na mchana alikuja kusimama mulangoni.

"Mulisikia Dokta. Wenye damu ya nguvu wanabaki, wengine wanaenda. Huyu, mama yake amupeleke kule ku nyumba ya masomo, kwa wakimbizi wenzake."

Kule ku masomo watu walilala chini, kwenye maji, na mutoto alikuwa anahema vibaya. Mama yake hata hakusimama, akamuuliza shemeji:

"Papa, wakati malaria ilikulaza, ulikunywa dawa, ao ulingojea kuona damu yako?"

Nilificha kicheko na kitenge. Lakini yale ya shemeji yalikuwa mabaya kuliko vile vinundu. Kinundu hakijui kile kinachofanya.

Lazima niseme na upande wake. Shemeji iko na watoto wawili wadogo, mama yao hayuko, na hawajachanjwa, sababu wachanjaji hawakufika tena tangu barabara ilipofungwa. Blanketi iliyomufunika mutoto ilikuwa ya shemeji. Woga wake ulikuwa wa kweli. Ile hesabu yake njo ilinichukiza, na pengine mimi pia ningeifanya kama ningekuwa na watoto wadogo. Sijui.

Nikamuita Dokta.

"Sikusema vile," Dokta akamwambia. "Ndege inayoshinda ugonjwa huu, kesho ugonjwa ingine unaimaliza, na hii munayosema zaifu njo inabaki. Kama zote zingekuwa na damu moja, ugonjwa mumoja ungezimaliza zote. Na ndege haina mwenye kuipa maji."

"Basi umulaze kwako, mu chapeli," shemeji akajibu.

Dokta akatikisa kichwa. Mule walikuwa wamejaa wanawake na watoto wachanga.

Ikabaki mimi. Surua niliiugua nikiwa mudogo, hainirudie. Nikamwambia shemeji watoto wake walale mu chumba changu, mulango ufungwe, wasikanyage jikoni. Mimi nitalala jikoni na wageni.

"Na mwenye atapika ni nani?"

"Wewe."

Alinung'unika juu ya muke wa kaka yake, lakini alienda kuchukua mukeka wa watoto. Mutoto alibaki.

Jioni tulikula viazi alivyochemusha shemeji, vibichi katikati, na maharagi bila chumvi.