Wenye ikwalaiza: mkwe wangu alichora V, nami nikainyoosha kwa mwiko

Wakuu wa vyombo vya muziki, masalkheri. Nami ni mkuu, ila ukuu wangu ni wa umri. Mjukuu wangu Rukiya ndiye aliyeniingiza humu, naandika kwa kidole kimoja, mukiona kosa lirukeni mwende mbele.

Nitakayosema ni kweli tupu. Mashahidi wako hapa mtaani kwetu Kuze, na wawili kati yao mpaka leo hawataki kukubali.

Mwaka huu tumemuoza Rukiya.

Kwetu bibi harusi hutolewa kwa vugo. Wanawake twashika pembe, twazigonga kwa vijiti, mmoja aimba, wengine twapokea. Na muimbaji alikuwa dada yangu Mwanakombo, Mungu amrehemu. Ameacha kaseti moja. Moja tu. Rukiya alisema tangu mdogo kwamba yeye atatolewa kwa sauti hiyo, hataki nyengine.

Wote walio kwenye ile kaseti nawajua. Mwanaidi wa Shee. Salama muuza viazi vya karai. Bi Zuhura mwenye kifua. Na Asia, ambaye haimbi, afungua mdomo tu. Na pembe tamu kuliko zote ni yangu, hilo wajukuu nimewaambia miaka nenda miaka rudi.

Sasa mkwe wangu Swaleh, babake Rukiya, ambaye nakaa kwake, afanya kazi Kilindini, kutoa mizigo bandarini. Ana stirio ambayo aipangusa kuliko anavyopangusa viatu vyake. Akasema kaseti ya Mama Mwanakombo haiwezi kupigwa hivi hivi mbele ya wageni. Akaleta ikwalaiza.

Ni kisanduku cheusi, mbele kina safu ya vishikio vya kupandisha na kushusha.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hiki chafanya nini?"

"Chasawazisha sauti, Mama."

Hapo wakuu nikalishika hilo neno. Kusawazisha. Likumbukeni.

Akamwita rafikiye Mutua, wa reli. Mutua ni mtaalamu, kwa maana afumba macho akisikiliza. Wakasogeza makochi. Kiti changu kikapelekwa hadi mlango wa jikoni, eti nilikuwa nakula bezi, yaani ule mdundo mzito. Mimi! Niliyekunywa chai na mhogo tu tangu asubuhi.

Wakapandisha vya kushoto, wakapandisha vya kulia, vya katikati wakavishusha mpaka chini.

"V, boss," asema Mutua. "Hiyo ndiyo siri ya wenye masikio."

Wakaipiga kaseti. Wakuu, nyumba ilitikisika. Pembe zikalia kama mabati yashushwa melini. Vikombe kabatini vikapokea. Lakini Mwanakombo hayuko. Mwanaidi hayuko, Salama hayuko. Wote wamekuwa Asia.

"Dada yangu yuwapi?"

"Yumo ndani, Mama," asema Swaleh. "Sikia ilivyo na nafasi!"

"Nafasi naisikia. Mwenyewe ndiye simsikii."

Mutua akaniambia kwa heshima, "Mama, masikio yatazoea."

Yakawa ndiyo mambo ya kila jioni. Kishikio hiki juu nywele moja, kile chini nywele moja, V haivunjwi. Rukiya akaja kuniketia ubavuni, uso umemshuka. "Bibi, kama Bibi Mwanakombo hasikiki, mashangazi wasema wataleta DJ."

DJ! Mtoto wa Kuze atolewe na DJ mwenye spika kama makabati!

Ijumaa nafanya usafi. Nafika kwenye ile ikwalaiza na kitambaa changu, natazama: vishikio vimekaa juu chini, kama watoto wa chuo cha Kurani mwalimu akitoka. Nikasema, kumbe! Chombo cha kusawazisha, chenyewe hakiko sawa! Basi kitasawazisha nini? Nikaingia jikoni nikatoa mwiko wa ubwabwa, ule ulionyooka. Nikauweka ubavu, vishikio vyote nikavileta kwenye mstari mmoja katikati. Nikapangusa, nikafukiza udi, nikaenda zangu.

Baada ya alasiri wakaja wenyewe. Swaleh akabonyeza. Mutua akafumba macho.

Na Mwanakombo akaimba.

Wazi, wakuu! Na kikohozi chake kile cha kabla ya ubeti.

"Sasa!" Mutua apiga paja. "V imekubali!"

"Ni ile nywele moja ya jana," asema Swaleh, kifua mbele.

"Ni mimi," nikawaambia. "Nimevisawazisha kwa mwiko."

"Mama, ikwalaiza si kibao cha chapati."

Mutua akafungua jicho moja, akatazama vishikio, akalifumba tena. "Hiyo," asema, "ni V iliyopumzika."

Nalitaka kumjibu, lakini wimbo ukakatika katikati, pale ambapo redio yangu kuukuu ilikoroma tu miaka yote, na sauti ya dada ikatoka kwenye spika, kali, kama yuko chumbani:

"Weye Maimuna! Wakimbilia wapi na hiyo pembe? Sawazisha na wenzio!"

Maimuna ni mimi.

Rukiya alicheka mpaka akaketi sakafuni. Swaleh akageuka ukutani kwa adabu, mabega yakitikisika. Mimi nikasema, rudisha nyuma. Akarudisha. Rudisha tena. Jina langu hakuna aliyelitaja kwa ukali ule tangu tumzike.

Rukiya alitolewa kwa sauti hiyo, na tusi langu ndani yake, ukumbi mzima ukisikia. Nami nalishika pembe, nikigonga polepole.

Rukiya amenieleza baadaye kwamba sauti ya mtu hukaa kwenye vishikio vya katikati. Basi funzo langu ni hili: kabla hujapandisha na kushusha, uliza kwanza katikati kuna nani.

Haya, nanyi semeni. Wa V mwakaribishwa, lakini mje na kaseti yenye mtu wenu ndani, ndipo tujibizane. Na weye Mutua, najua wasoma. Mwiko nnao hapa.