Wifi, Diski Mpya na Dakika Kumi na Moja

Wifi yangu husoma vitabu akiwa ndani ya kabati. Sitanii. Ni kabati la nguo la chumbani kwake, lile la milango miwili. Aling'oa rafu za chini, akaweka kigoda na kipaza sauti alichokifunga kwenye mpini wa pasi mbovu. Magauni yaliyoning'inia ndiyo yanayomeza kelele za mtaani. Kila siku baada ya chakula cha mchana, pikipiki zikipungua, anaingia humo na kompyuta yake ya mpakato na kusoma kitabu cha shule kwa sauti, neno kwa neno, hadi maelezo yaliyo chini ya picha. Wanafunzi wasioona wa shule iliyo ng'ambo ya barabara kuu wanasoma kwa kumsikiliza yeye. Alistaafu ualimu miaka minne iliyopita, na bado mtaa mzima unamwita Mwalimu.

Mimi ni mshonaji, na ukuta wa chumba changu cha kushonea ndio ukuta wake wa jikoni. Yeye ni mjane wa kaka yangu. Watu hudhani kaka akifa uwifi nao unazikwa. Wa kwetu ndio kwanza ulishika moto, maana sasa hakuna mtu wa kutuamulia tukigombana.

Kaka alikuwa fundi umeme, wakamwita Fundi, basi. Kompyuta ile aliinunua ikiwa imeshatumika, na mwaka mmoja kabla hajafariki aliibadilishia diski yeye mwenyewe. Aliifungulia mezani kwangu, kwa bisibisi ndogo ya cherehani changu, akafunga, akaipigapiga mgongoni na kusema, "Hii sasa itatuzika." Yeye kweli ilimzika.

Miaka ikapita, diski hiyo ikaanza kukoroma. Mkoromo ukawa unaingia hadi kwenye masomo, mtu anasomewa habari za mizizi na nyuma yake kuna kitu kinasaga. Wifi akanunua diski mpya, zile wanazoziita SSD, ambazo ndani hazina kitu kinachozunguka. Tukaipeleka pamoja na kompyuta kwa Daktari. Huyo ni fundi wa simu na kompyuta pale kona, na jina hilo amelipata kwa sababu huvaa koti jeupe na kutoa habari mbaya kwa upole.

Kelele zilikwisha, hilo tulikiri. Kasi ndiyo iliyotutia aibu. Kunakili kitabu kimoja kutoka folda moja kwenda nyingine kulichukua dakika kumi na moja, muda ambao mimi napindia gauni zima. Mbaya zaidi, Wifi akiwa anasoma mashine iliganda kidogo, ikameza maneno mawili matatu, kisha ikaendelea kana kwamba haikufanya kitu. Yeye akiwa kabatini hakujua.

Alijua Jumatano asubuhi, mwalimu mkuu wa ile shule alipopiga simu. Nilikuwepo, nimefuata chumvi.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani, kitabu cha biolojia kina mashimo. Hebu sikiliza."

Akaweka simu karibu na spika. Tukasikia sauti ya Wifi, tulivu kabisa: "Moyo una vyumba... na kila kimoja kina kazi yake."

"Darasa limegawanyika," akasema mwalimu mkuu. "Wengine wanasema viwili, wengine vinne, wengine sita. Mtihani ni Jumatatu. Nisipopata nakala safi ifikapo Ijumaa saa sita mchana, itabidi niwawekee ile sauti ya mashine tuliyoletewa, inayosoma bila mtu. Na tukishaanza nayo, Mwalimu, sidhani wakubwa wataturuhusu kurudi nyuma."

"Utaipata," akasema Wifi. Akaiweka simu mezani, akakaa akiitazama. "Wifi, hawa wananistaafisha mara ya pili."

Nimemwona mama huyu akizika mume bila kuyumba. Siku hiyo sauti yake ilitetemeka. Nilitaka kuinyakua ile kompyuta niitupe jalalani, kisha nimfuate Daktari na koti lake. Wifi alinishika mkono. Akatoa daftari la mistari na rula, akachora safu mbili. Juu ya moja akaandika "Nilichobadilisha", juu ya nyingine "Muda". Akavaa saa ya kaka, ile yenye mshale wa sekunde.

"Tutabadilisha kitu kimoja, tunakili kitabu kilekile, tunapima. Kisha kingine."

"Badilisha vyote kwa mpigo, tumalize! Siku zenyewe ndizo hizi mbili."

"Ukimpa mgonjwa dawa tano akapona, utajua ipi iliyomponya?"

Ndivyo anavyonishindaga, kwa maswali ya darasa la tano.

Mstari wa kwanza: huenda diski imejaa. Wifi hatupi kitu, hata masomo aliyoyakosea na kuyarudia alikuwa ameyatunza. Akafuta mpaka nusu ya diski ikawa wazi. Tukapima, dakika kumi na sekunde hamsini. Mstari wa pili: huenda mashine imepangwa kubana umeme. Akaipanga itumie nguvu zote. Kumi na arobaini. Mstari wa tatu ulinigusa mimi, kwa sababu huwa anaiweka kompyuta juu ya mto nilioushona kwa mkono wangu, wenye pamba nzito, na mashine ikikosa hewa huchemka na kupunguza mwendo. Tukaihamishia mezani, feni ikaelekezwa kwake. Kumi na arobaini vilevile. Nilishukuru kimoyomoyo, nikaenda kupika chai.

Mstari wa nne alikagua kama kuna programu inayofanya kazi kwa kificho. Hakukuwa na kitu. Jioni hiyo niliondoka nikimwacha ameinamia ukurasa fulani wa kompyuta, uso umemkunjamana.

Alhamisi asubuhi nilimkuta kwenye mstari wa sita, kisha wa saba. Mambo madogomadogo, mara rangi za kioo, mara sauti za kengele, mambo ambayo hata mimi niliona hayana uzito. Nikalivuta daftari. Mstari wa tano ulikuwa umeandikwa "Mahali pa diski", na upande wa muda hakukuwa na kitu.

"Wifi, huu wa tano vipi?"

"Huo tuuache."

"Si wewe uliyesema kimoja kimoja? Mbona umeruka?"

Akafunika kalamu yake. "Kwa sababu huo si wangu peke yangu."

Hapo ndipo nilipoliachia daftari. Nilikumbuka vizuri siku ile dukani. Daktari alishaitoa diski ya zamani na kushika mpya aiweke mahali pake, mimi nikampiga kofi la mkono. Nikamwambia diski ile iliwekwa na kaka yangu na haitoki pale alipoiweka. Nikamtupia na methali, usiache mbachao kwa msala upitao. Daktari akanijibu taratibu, "Mama, hiyo mpya basi itabidi ikae kwenye nafasi ya sidii, pale panapoingizwa santuri. Njia ya kule ni nyembamba, na hizi fremu za kushikilia hazishiki sawasawa. Mashine ikiona mguso unakatikakatika, inapunguza mwendo." Nikamwambia kilicho chembamba ni adabu yake. Basi akahamishia kila kitu kwenye mpya na kuiweka kule, na ya kaka akairudisha palepale ilale bila kazi, ndiyo maana haikukoroma tena. Wifi alikuwa amesimama pembeni, mkoba mkononi. Hakutaka kubishana na dada wa marehemu mbele za watu.

Kwa hiyo ukurasa ule ulikuwa umemwambia, alijua tangu Jumatano jioni. Alijua na alikuwa tayari kupoteza wanafunzi wake kuliko kunigusa mahali panaponiuma. Nilijisikia vibaya mno.

Nikaondoka bila kuaga, nikaenda kukaa mbele ya cherehani changu. Nilitaka kukasirika, nikakosa wa kumkasirikia. Nikamfikiria kaka. Kaka hakuwa mtu wa kuhifadhi. Alikuwa akikuta swichi imechoka anaing'oa kabla hujamaliza kumweleza, hata kama ni ya nyumba ya mkwewe. Redio ya baba yetu aliichomoa spika akamtengenezea mtoto wa jirani kengele. Angeingia akakuta nimeikalisha diski mbovu sebuleni na mgeni mwenye nguvu nimemlaza stoo, angecheka mpaka akakaa chini. Halafu angeniuliza bisibisi iko wapi.

Ilikuwa kwenye droo ya cherehani, ile ile. Nikarudi nayo.

"Sogea," nikamwambia Wifi.

"Una hakika?"

"Kaka yangu alikuoa wewe, hakuoa diski. Sogea, nimulikie tochi."

Skrubu ni skrubu, ziwe za cherehani au za kompyuta. Nilizipanga kwenye kisosi kwa mfuatano. Ya kwanza kutoka ilikuwa diski ya kaka. Ubavuni ilikuwa na kipande cha karatasi ya gundi, na mwandiko wake wa herufi kubwa: IKICHOKA, TOA.

Wifi akausoma kwa sauti, kwa mazoea. Tukatazamana. Kisha tukaanza kucheka, tukacheka hadi tochi ikaanguka, na machozi yakatoka, sikuuliza ni ya nini.

Tulipopata pumzi nikaichomoa ile mpya kutoka kwenye fremu yake ya upande wa sidii. Kweli ilikuwa inacheza humo, ungeitikisa ungeisikia. Nikafuta meno yake ya kugusia kwa kitambaa kikavu cha bitana, nikaiweka kwenye nafasi kubwa, ilipokuwa ya kaka. Diski ya kaka nikaifunga na kipande cha bitana ileile, Wifi akaitia kwenye droo ya vitu vyake. Tukafunga, akawasha.

Kioo kikawa cheusi, na herufi nyeupe juu.

"Nimeiua!" nikapiga kelele. "Ijumaa ni kesho na nimeiua!"

Wifi akavaa miwani. "Imeandika haioni diski. Haijaandika imekufa. Uliisukuma mpaka mwisho?"

"Niliisukuma kwa adabu."

"Adabu ndiyo iliyotufikisha hapa. Fungua, isukume kama mlango wa choo uliovimba."

Nikafungua, nikasukuma kwa dole gumba. Ikalia ta! Tukawasha, na picha ya nyumbani ikatokea kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Wifi hakushangilia. Alifungua folda, akachagua kitabu kilekile, akainua mkono wenye saa, akabonyeza.

"Sekunde kumi na tisa," akasema.

"Umekosea kusoma. Una miwani ya kusomea vitabu, si saa."

Akafuta ile nakala, akarudia. Kumi na tisa. Akanipa saa nipime mwenyewe. Kumi na tisa tena! Nikapiga kigelegele ambacho wateja wangu walikisikia ng'ambo ya ukuta wakaja mbio kuuliza nani anaolewa. Wifi akachukua kalamu nyekundu, akaujaza mstari wa tano na kuuwekea alama ya vema, kubwa, iliyopita hadi ukurasa wa pili.

Sura zilizokuwa na mashimo zilikuwa nne. Aliingia kabatini mchana ule, na mimi nikawa mlinzi wa mlango. Nilimfukuza muuza ndoo. Nilimzimia kijana mmoja pikipiki yake na kumwambia aisukume hadi kona, akaisukuma. Sura ya mwisho aliimaliza Ijumaa saa nne asubuhi, akaisikiliza yote kwa macho yaliyofumba, na hakukuwa na neno lililomezwa. Kunakili kwenye kadi kumi na mbili, moja kwa kila mwanafunzi, kuliisha kabla chai haijapoa.

Tulivuka barabara kuu tukishikana mikono. Saa tano na nusu tulikuwa darasani, dirisha la kwanza limefunguliwa, wanafunzi wote wameelekeza masikio kwenye spika. Mwalimu mkuu akaweka kadi.

"Moyo una vyumba vinne, na kila kimoja kina kazi yake."

"Niliwaambia!" akapaza sauti msichana wa nyuma, na darasa zima likaripuka kwa vicheko na kugonga madawati. Wa vyumba sita walitaniwa papo hapo. Mwalimu mkuu alicheka nao, kisha akaitoa mezani ile mashine ya kusoma kwa sauti, ikiwa bado ndani ya boksi lake, akaisukuma juu ya kabati. Nafasi iliyobaki mezani aliijaza na kitabu cha kemia, kinene, akamwelekezea Wifi. "Muhula ujao, Mwalimu." Wifi alikipokea kwa mikono miwili.

Kadi ilikuwa bado inasoma. Wanafunzi walikuwa wakiruka kutoka sura hadi sura kutafuta mashimo, na hawakuyapata, wakafika mwisho kabisa. Pale Wifi huwa anamalizia kwa maneno yaleyale kila kitabu: "Kimesomwa na Mwalimu." Safari hii sauti yake haikuishia hapo.

"Kimesomwa na Mwalimu, kwenye kompyuta ya Fundi, iliyotengenezwa na dada yake."

Sikujua. Alikuwa ameyasema ndani ya kabati, mimi nikigombana na muuza ndoo. Nilimgeukia, yeye akajifanya anakagua jalada la kemia.

"Mwalimu, huyo dada yake Fundi ni nani?" akauliza yule msichana wa nyuma.

Nikanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi. Kisha nikakumbuka niko mbele ya nani, nikakohoa, nikasema kwa sauti iliyofika hadi dawati la mwisho, "Ni mimi hapa."