Mwosha Kokoto wa Maabara ya Kizota

Saa moja asubuhi, Evelina anasugua kokoto kwenye kitambaa cheupe. Ameshaziosha mara tatu, lakini anachota kiganja kimoja, anazisugua, kisha anakitazama kitambaa. Kikibaki na alama ya vumbi, beseni zima linarudi majini. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona kwake siku nilipoanza kazi hapa.

“Mama Joshua, hizo kokoto unazipeleka ubatizo?” anauliza Stanley, mpiga nyundo.

“Naam, na wewe zifuate. Hilo shati lina wiki nzima,” anajibiwa, Evelina hata hajainua kichwa.

Hii ni maabara ndogo ya barabara, Kizota, jijini Dodoma. Inajaribu lami iliyochanganywa na plastiki iliyotupwa, hasa nailoni zinazofungia katoni za maji. Kokoto hupashwa moto, nailoni iliyokatwakatwa hunyunyizwa juu yake ikayeyuka na kuzipaka, ndipo lami inatiwa. Mchanganyiko hushindiliwa kwa nyundo, mapigo sabini na matano kila upande, hadi uwe kipande kigumu kama keki ndogo. Kesho yake kipande hulowekwa nusu saa kwenye maji ya moto, halafu mashine inakiminya kuona kitavumilia uzito gani.

Evelina ana miaka arobaini na mmoja. Alikuja mjini kutoka Mlali, wilayani Kongwa, baada ya alizeti yake kukauka misimu miwili mfululizo. Analea watoto watatu peke yake kwa kibarua cha shilingi elfu kumi na mbili kwa siku.

Mwezi Machi kibarua hicho kilikaribia kumponyoka. Vipande vya kwanza vilipasuka mapema mno. Batholomeo, fundi sanifu wa maabara, alisema kokoto zilikuwa na vumbi ndiyo maana lami haikushika.

“Nilimwonyesha kitambaa,” Evelina anakumbuka. “Akaniambia, dada, mashine haisomi kitambaa. Nenda nyumbani, tutakuita.”

Alikaa nyumbani siku tisa. Joshua, mwanawe mkubwa, aliambiwa mama yuko likizo. “Siku ya tano akaniuliza, mama, vibarua nao wana likizo?”

Maabarani, Batholomeo alimpa mtu mwingine kazi ya kuosha, akasimama kumwangalia mwanzo hadi mwisho. Vipande vikapasuka tena. Hapo ndipo alipompigia Evelina simu.

Evelina aliporudi hakulalamika. Aliomba kipande kimoja kilichopasuka, akakivunja, akachokonoa kwa msumari. Akavuta uzi mweupe, bapa, mzima kabisa.

“Huu ni wa salfeti, yale magunia ya plastiki,” alisema. “Kwetu Mlali salfeti tunaziziba kwa moto wa mshumaa. Nailoni inanywea mara moja. Salfeti inataka usubiri.”

Batholomeo aliuweka uzi ule juu ya kokoto za moto, pamoja na kipande cha nailoni. Nailoni ikayeyuka. Uzi ukajikunja tu, ukabaki uzi.

Batholomeo akamgeukia Evelina, akasema mbele yetu sote, “Mama Joshua, nisamehe. Nilikuonea.”

Ilionekana kosa ni la akina mama wa Ihumwa wanaookota nailoni na kutuletea. Wameambiwa wasilete tena mpaka watakapoitwa. “Nawaonea huruma,” anasema Evelina. “Kusubiri simu nakujua.”

Mchanganyiko wa tatu ulitumia nailoni iliyochambuliwa upya, bila uzi hata mmoja. Mashine ilipoanza kuminya, Evelina alitazama ukutani. Mshale wa mashine ulipanda, ukapita alama iliyotakiwa, ukaendelea kupanda. Stanley alipiga ukelele. Evelina aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Sasa mita mia moja na hamsini za lami hiyo zimewekwa karibu na karakana za Kizota, na malori yanapita juu yake kila siku. Jioni, kazi ikipungua, Batholomeo anamfundisha Evelina kusoma mashine.

“Mwakani nataka niwe mimi ninayeandika namba,” anasema. “Nimechoka vidole kuloa.”

Mimi ndiye ninayekata nailoni hapa maabarani. Wiki ile ya kwanza zilipungua, kilo hazikutimia, nami niliona aibu kusema. Shule niliiachia darasa la tano, nikadhani plastiki zote ni moja. Nikakata na salfeti zilizobebewa nailoni, nikachanganya kwenye gunia lililotumika mara zote mbili. Uzi ule ulipovutwa niliutambua papo hapo, na sikufungua mdomo. Akina mama wa Ihumwa hawakukosea kitu. Waitwe.

Mama Joshua, zile siku tisa ulikaa nyumbani kwa sababu yangu. Shikamoo, na unisamehe.